Tarumbeta ya Cleophus Tarver

Binti yake kaileta leo, imeviringishwa taulo la bafuni.
"Fundi Vondra," kasema, "inyooshe yote, ing'ae,
Jumamosi tunaiweka juu ya jeneza."
Nikailaza mezani chini ya taa.
Miaka arobaini na moja:
naijua shaba hii kuliko ninavyoujua mgongo wangu.

Mbonyeo huu, karibu na kinywa, ni wa Sioux City.
Theluji ya magoti. Hoteli tatu zikajaa ghafla
wenyewe walipoona rangi ya waliobisha hodi.
Bendi nzima ikalala ndani ya basi, pumzi zikiganda kwenye vioo.
Cleo aliikumbatia kotini ili vali zisigande,
akageuka usingizini, akailalia.
Kesho yake akaipiga hivyo hivyo, imepinda,
na wakulima wa mahindi wakacheza hadi soli zikatoboka.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa na senti themanini
na kiburi cha dola mia.
Baba yake alibeba nyama machinjioni, Omaha Kusini;
kijana alinuka sabuni, sabuni tupu,
kama anayesugua jina la mtu mwingine ngozini.
Akajaribu noti moja, hapa hapa dukani.
Mama yangu alikuwa nyuma, anakaanga vitunguu.
Akazima jiko.

Kisha New York. Miaka miwili, santuri moja,
na jina kwenye lebo likakosewa: C. Tarber.
Aliniletea nakala. "Huyu Tarber anapuliza," akasema.
"Siku nikikutana naye nitamdai."
Akacheka. Mimi nilitazama vidole vyake;
vyenyewe havikucheka.

Sasa huu mkubwa.
Agosti, Mtaa wa Ishirini na Nne, mlangoni pa klabu.
Rungu la askari liliutaka uso,
likaupata, halafu likashukia shaba.
Meno manne ya mbele.
Kwa mpiga tarumbeta meno ni ukuta, pumzi huegemea hapo;
ukibomoka, nyumba nzima inavuja upepo.
Hakumwuliza askari kosa lake.
Lugha ile, aliniambia, haina alama ya kuuliza.

Miaka sita akabeba nyama, bega lile lile la baba.
Tarumbeta ilikaa rafu yangu ya juu,
jirani na tuba isiyo na mwenyewe.
Kila Krismasi niliitia mafuta, sikumwambia.
Kila Krismasi alipita nje, akatazama dirishani, asiingie.

Akaingia Jumanne moja ya Machi, aproni bado ina damu,
mdomoni meno ya kununua.
"Nipe."
Ilitoka sauti ya birika linalokauka.
Akarudi Jumanne iliyofuata. Na iliyofuata.
Noti za juu, zile zilizowafanya watu wasahau glasi mikononi,
hazikurudi kamwe.
Basi akazifuata za chini.
"Huku chini kuna vyumba," aliniambia,
"nilikuwa navipita mbio."

Alhamisi alipiga ukumbini kwa mafundi wa reli:
watu wanane, kumi, mmoja kalala.
Hakuna gazeti lililoandika.
Mimi niliyelelewa na polka, nisiyejua jazi inaanzia wapi,
Alhamisi nilifunga duka mapema
nikakaa karibu na yule aliyelala.

Wa Sioux City nimeunyoosha.
Na ule mdogo wa shina, wa mjukuu na ngazi, nimeunyoosha.
Huu mkubwa nimeshika nyundo ya mpira mara tatu,
mara tatu nimeiweka chini.
Verlene atauliza. Sijui nitamjibu nini.

Saa tano usiku. Risiti nimeandika:
kusafisha, mafuta ya vali, hakuna malipo.
Jina nimeliandika kwa herufi kubwa, TARVER,
kisha nikalisoma upya, herufi moja moja,
kidole juu ya V.